Sura ya Tatu: Shaba Kwanza

Mtu wa Kagongwa akisema anataka kujifunza kutengeneza vito vya mkono, huulizwa papo hapo: dhahabu utaitoa wapi? Swali linaeleweka. Ukitoka hapa kwenda Kahama mjini unaipita Buzwagi, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ambao sasa umefungwa. Ukiivuka Kahama kuelekea Kakola unaikuta Bulyanhulu. Geita iko mbele zaidi kaskazini, na Mwadui, kwenye almasi, iko ng'ambo ya Shinyanga mjini. Kijana aliyekulia ukanda huu amesikia habari za maduara (mashimo ya wachimbaji), mbale (mawe yenye dhahabu) na karasha (mashine za kusaga mawe hayo) kabla hajaanza shule. Ukimtajia pete, rangi inayomjia kichwani ni njano.

Sura hii inamwomba aiache dhahabu kwanza. Mkono unaojifunza hukata upande, huchoma kupita kiasi na hupiga nyundo pasipotakiwa. Lazima uharibu vipande kadhaa ndipo ujue nyundo ishuke kwa nguvu gani, na vipande vya kuharibu viwe vya shaba. Pete nyembamba ya mtu mzima hutumia kama sentimita 6 za waya wa umeme wa nyumba, ule wa 2.5. Kipande hicho kina gramu 1.3 za shaba. Kipande cha ukubwa huohuo kingekuwa dhahabu tupu kingefika gramu 2.9, maana dhahabu ina uzito zaidi ya mara mbili ya shaba. Uliza bei ya gramu moja leo sokoni Kahama, kisha ujiulize kama uko tayari kuikosea.

Wala shaba si ngeni huku. Ilikuwa na heshima yake katika nchi hii kabla mkoloni hajaanza kutafuta dhahabu Geita. Wasumbwa, ambao nchi yao iko magharibi ya Kahama kuelekea Masumbwe na Ushirombo, walikuwa wakisafiri hadi Katanga kufuata shaba tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Kalasa, ndiye baba wa Msiri. Msiri alihamia Katanga, akajenga dola yenye makao Bunkeya, akaitawala mpaka alipouawa Desemba 1891 na kikosi kilichotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu aliokwenda nao wakajulikana kama Wayeke, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa kuvuta waya wa shaba kwa ajili ya bangili na vikuku. Kwa hiyo anayefua waya wa shaba Kagongwa leo anashika kazi ambayo watu wa pande hizi waliifuata kwa miguu, safari ya miezi.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, aliandika kuhusu vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa vito angefaa kuvijua. Kimoja ni kitindi: waya mnene wa shaba ya njano uliozungushwa kama springi na kuvaliwa mkononi, mizunguko mingi kwa pamoja. Cha pili ni sambo, vikuku vyembamba vya nywele za mnyama zilizozungushiwa waya laini sana. Waya ulikuwa mmoja wa mizigo mitatu mikuu ya misafara ya pwani, pamoja na nguo na shanga. Ukifika Unyamwezi ukiwa mnene, mafundi waliuvuta kupitia matundu ya chuma, tundu baada ya tundu, hadi ukawa mwembamba watakavyo. Walifanya yote hayo bila umeme na bila gesi. Sambo nzuri ya wakati ule ingewashinda mafundi wengi wa leo, na nasema hivyo kwa heshima kwa pande zote mbili.

Tuje kwenye waya wenyewe. Kagongwa inaishi kwa mpunga. Mashine za kukoboa zimejaa, zinaendeshwa na mota, mota huungua, na mota ikiungua anaitwa fundi wa kuisuka upya. Kwa fundi huyo kuna waya wa shaba wa kila unene, na vipande visivyomfaa atakuuzia kwa bei ndogo. Tatizo lake ni moja: waya wa mota umepakwa varnishi. Usiichome. Moshi wake ni sumu, na masizi yake yanaganda kwenye shaba. Ikwangue kwa msasa mpaka uone rangi ya waridi ya shaba tupu. Kwa anayeanza kabisa, waya wa nyumba ni mwepesi zaidi kuushughulikia: unalichana gamba la plastiki na shaba safi inatoka. Ila uelewe kuwa namba iliyoandikwa ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, haikupi unene. Waya wa 2.5 una unene wa karibu milimita 1.8, na wa 1.5 una karibu milimita 1.4. Omba ule wenye uzi mmoja mzima ndani, usichukue wenye nyuzi nyingi zilizosokotwa.

Waya usiojulikana ulikotoka usiuguse, hata ukiuzwa bure. Nyaya za umeme na za reli zinaibwa katika nchi hii, na anayezinunua naye ana kesi ya kujibu.

Vifaa havikupeleki mbali. Barabara kuu inaleta malori, malori yanaleta gereji, na gereji zina kila chuma unachohitaji. Kichwa cha nyundo kubwa kilicholazwa na kubanwa kwenye gogo kinatosha kuwa fuawe. Shafti chakavu iliyo laini, yenye unene kati ya milimita 16 na 19, ndiyo utakayozungushia pete. Nunua plaizi mbili za mdomo mrefu, na kama ndani zina meno, yasage kwa tupa hadi yaishe, kwani meno hayo huacha alama kwenye shaba ambazo utazisugua jioni nzima. Ongeza tupa bapa ndogo, msumeno wa chuma wenye meno madogo, na nyundo ya mbao. Ya mkwaju inadumu. Nyundo ya chuma utakayotumia iwe na uso uliosuguliwa mpaka unakaribia kioo. Kovu lolote la nyundo linahamia kwenye kazi, kila unapopiga. Kwa mafundi rangi za magari tafuta msasa wa maji, namba 220, 400, 600 na 1000. Jiko la mkaa la nyumbani ndilo tanuri lako la kwanza.

Sasa pete. Zungusha uzi kwenye kidole, kwenye fundo la kiungo, mahali panene zaidi, kisha upime urefu wake kwa rula. Tuseme umepata milimita 54. Urefu huo hautoshi, kwa sababu waya una unene, na unapoukunja upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutika. Chukua unene wa waya, uuzidishe kwa 3.14, uongeze kwenye kipimo chako. Kwa waya wa milimita 1.8 utaongeza karibu milimita 6, basi kata milimita 60. Hesabu hii ndogo ndiyo inayotenganisha pete inayokaa na pete inayokwama katikati ya kidole, na itakufaa hata siku utakapofanya kazi ya fedha au dhahabu.

Kabla ya kukunja, lainisha. Shaba uliyoipiga au kuikunja mara kadhaa inakuwa ngumu, na ukiilazimisha inapasuka. Iweke kwenye makaa, ipepee, uitazame mahali penye kivuli. Ikianza kuwa nyekundu iliyofifia, itoe na uitumbukize kwenye maji. Hapo wengi waliozoea chuma cha pua hushangaa, kwa sababu chuma cha jembe au kisu kikitiwa kwenye maji kikiwa chekundu hukakamaa. Shaba hailainiki kwa maji wala haikakamai kwa maji. Kinachoilainisha ni moto. Maji yanaipoza haraka tu na kubandua sehemu ya magamba meusi. Usiifikishe kwenye wekundu unaong'aa, maana shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi, na mkaa unaopulizwa sawasawa unaweza kufika karibu na hapo.

Itatoka nyeusi. Kamua ndimu mbili, tia kijiko cha chumvi, iache humo nusu saa, kisha uisugue. Ukwaju nao unafanya kazi hiyohiyo, kama wanavyojua kina mama waliosafisha sinia za shaba. Masonara wengi hutumia tindikali, na nimeona vijana wakikimbilia maji ya betri. Waachie wenye chumba cha kazi chenye hewa na miwani ya kinga. Jambo moja dogo kuhusu ndimu: usitumie koleo la chuma kutolea kazi yako humo. Tumia kijiti. Chuma kikiingia kwenye maji ambayo tayari yana shaba, shaba inahamia na kupaka kila kilichomo rangi ya pinki, na siku utakapokuwa unafanya fedha utalia.

Sasa kunja. Izungushe kwenye shafti kwa mkono, ugonge kwa nyundo ya mbao hadi ncha mbili zikutane. Usihangaike kupata duara kamili kwanza; hangaikia ncha. Zikikutana bila mwanga kupita katikati, kazi kubwa imekwisha, na duara utalipata baadaye kwa kugonga. Pete ya kwanza unaweza kuiacha wazi, bila kuunga. Ipige kidogo kwa nyundo ya chuma ili iwe bapa na ikakamae, izungushe ncha kwa tupa, ipitishe kwenye misasa kuanzia 220 hadi 1000, na umalizie kwa kitambaa chenye majivu laini. Kukakamaa kule ndiko kunakoifanya ikae kidoleni bila kupanuka.

Kazi ya pili iwe kitindi. Meta moja ya waya wa 2.5, iliyolainishwa, ukiizungusha kwenye chupa au bomba linalokaribia unene wa kifundo cha mkono, inakupa mizunguko mitano au sita. Unalojifunza hapo ni kuvuta kwa nguvu ileile toka mwanzo hadi mwisho, mzunguko ukilalia mzunguko bila kuachana. Picha haitakufundisha hilo, mkono ndio utakaokufundisha. Anayeweza kuvuta kitindi kilichonyooka anaweza kufanya mnyororo, maana pete ndogo za mkufu zinaanzia hivyohivyo: unazungusha waya kwenye msumari, unakata mzunguko mmoja mmoja kwa msumeno, unaziunganisha.

Kuunga kwa moto ni hatua inayowatisha watu, na mwalimu wako wa karibu huenda humtarajii. Ni fundi friji. Mabomba ya jokofu ni ya shaba, na yeye anayaunga kila siku kwa gesi na fimbo ya kulehemu yenye fedha kidogo ndani yake. Nenda na pete zako tatu zilizo wazi, mlipe muda wake, utazame mikono yake. Utaona kwamba moto hauelekezi kwenye fimbo. Anapasha shaba yenyewe, pande zote mbili za kiungo kwa usawa, na fimbo inapogusa shaba iliyoiva inakimbilia ndani ya ufa. Uso mchafu hauungiki, na pengo kubwa halijaziki. Muulize kama fimbo zake zina kadmiamu. Kama zina, au kama hajui, fanyeni kwa nyingine. Risasi ya kuunga redio usiitumie kwenye kitu kitakachogusa ngozi, achilia mbali kitakachowekwa mdomoni na mtoto. Bomba au bati lililopakwa zinki nalo lisiingie kwenye moto wako. Moshi wake mweupe unaleta homa.

Kuhusu mawe nitasema kwanza kuhusu vumbi, kwa sababu Kahama inalijua vumbi. Mawe mengi meupe na ya maziwa unayoyaokota kwenye kokoto ni kwazi, na vumbi la kwazi likiingia kwenye mapafu halitoki. Ndilo linalowamaliza vijana wa karasha pole pole. Kwa hiyo sheria ya meza yako iwe moja: jiwe halisagwi likiwa kavu. Weka msasa wa maji juu ya kipande cha kioo, mwagia maji, usugue jiwe kwa mzunguko, usafishe tope likiwa bado bichi. Anza na 220, usihamie 400 mpaka mikwaruzo ya mwanzo imekwisha yote. Kwazi ni gumu na litachukua jioni kadhaa. Jiwe laini litaisha haraka na kukupa moyo.

Ugumu unaupima hivi. Ukucha una kama 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, kisu na kioo vinakaribia 5.5, kwazi ni 7, yakuti ni 9, almasi 10. Jiwe likikwaruza chupa, kuna uwezekano ni kwazi au gumu zaidi. Likikwaruzwa na kisu, litachoka haraka kwenye pete na ni afadhali liwe la hereni au kidani. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7 na inaogopa joto la ghafla, kwa hiyo haipelekwi karibu na moto hata mara moja. Kanuni ya masonara ni kwamba jiwe linaingia mwisho, moto wote ukiwa umekwisha. Wewe unayeanza huna haja hata ya moto: funga jiwe kwa waya mwembamba wa shaba, uuvushe chini, uupandishe pande zote mbili, uukaze juu na kuacha kitanzi cha uzi. Kazi hiyo ni ndugu wa moja kwa moja wa sambo.

Almasi ya Mwadui naitaja kwa sababu nyingine. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson, aligundua mgodi ule. Mwaka 1947 ikapatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akaitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Ilikatwa London, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Bruchi hiyo inajulikana duniani kote, na kila picha yake inamsifu aliyeibuni na aliyeikata. Shinyanga ilitoa jiwe. Sitaki kusikia tena kwamba ufundi wa mkono ni mchezo wa watu wasio na kazi, katika mkoa uliotoa jiwe lile na haukutoa hata pini iliyolishika.

Na dhahabu je? Siku yake itafika, na ikifika ije kwa njia iliyonyooka. Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu mtu asiye na leseni kununua dhahabu ghafi mwaloni (panapochenjuliwa dhahabu) au njiani, hata gramu moja, hata kwa rafiki. Ndiyo maana yalianzishwa masoko ya madini. Geita walifungua lao Machi 2019, na Kahama wana la kwao. Kwa anayefanya vito kwa kupenda, njia safi ni kupeleka hereni au mkufu wako wa zamani kwa sonara mwenye duka, auyeyushe mbele yako na kukuvutia waya. Mwambie unataka karati 18, yaani sehemu 75 za dhahabu katika 100. Ni imara kuliko karati 22 yenye sehemu karibu 92, na mkono mpya unahitaji uimara huo.

Kuna jambo ambalo silisemi kwa upole. Usichukue dhahabu iliyochomwa kwa zebaki ukaipasha moto nyumbani. Hata baada ya kuchomwa, bado ina zebaki ndani, na ukiirudisha kwenye moto mvuke unatoka tena. Hauna rangi, hauna harufu, unatua kwenye kuta na kwenye vyombo vya chakula, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Ndiyo sababu ya Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, ambao Tanzania imo. Jiko linalopika ugali lisiguse dhahabu ya mwaloni.

Kwa atakayetaka kwenda mbali zaidi, kufundishwa kukata jiwe kwa mashine na kulipa sura, Wizara ya Madini ina Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Ni kituo kizuri, na kiko mbali na Kagongwa. Nawaomba wenye mamlaka Kahama na Shinyanga walete darasa la namna hiyo kwenye ukanda huu, hata la vyumba viwili, kwa sababu vijana wanaoujua mwamba tayari wapo na mikono yao inalala baada ya saa za kazi. Wewe msomaji usilisubiri. Nunua meta mbili za waya wa 2.5 wenye uzi mmoja, tafuta shafti gereji, ukate milimita 60 za kwanza wiki hii.